Deni, Milki na Upungufu: Historia ya Maneno ya Ulazima katika Kiingereza cha Mazungumzo na Mwanafunzi Asemaye Kifaransa

1. Utangulizi

Miongoni mwa makosa ambayo mwalimu wa Kiingereza huyakuta kwa wanafunzi waliolelewa katika Kifaransa, liko moja ambalo sarufi peke yake haiwezi kulitibu. Mwanafunzi amekwisha kuzimudu nyakati zote za vitenzi, hakosei umoja wala wingi, na bado azungumzapo na watu wa kawaida husikika kama afisa anayetoa amri. Akimweleza mgeni njia ya kwenda stesheni, akimwarifu mwenzake wa kazini kwamba fomu inatakiwa kurudishwa Ijumaa, akieleza kwa nini hana budi kuondoka mapema, neno lake ni moja tu: "must". Sentensi haina kosa, lakini msikilizaji hukunja uso. Upande wa pili yuko yule anayetaka kukataza. Husema "you don't have to open this door", akiamini kwamba ameufunga mlango kwa maneno, kumbe amemwambia mwenziwe kwamba si lazima aufungue. Na akipenda, aufungue.

Aghalabu makosa haya hutiwa katika fungu la makosa ya tafsiri, yakasahihishwa kwa kalamu nyekundu, na somo likaendelea. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mizizi yake ni ya kihistoria. Hoja yetu ni kwamba maneno ya ulazima huchakaa, na kila yanapochakaa lugha hutafuta mengine katika ghala lile lile: maneno ya kudaiwa, ya kumiliki na ya kupungukiwa. Kifaransa na Kiingereza vyote viwili vimechota katika ghala hilo, lakini si katika zama moja wala kwa mpango mmoja. Vitabu vya kufundishia navyo huchelewa: hulihifadhi neno la kizazi kilichopita ilhali wasemaji wamekwisha kuhamia jingine. Mwanafunzi hujikuta kati ya lugha mbili na zama mbili, naye ndiye alipaye gharama.

Kwa neno "ulazima" tunakusudia hapa hali ya mtu kutakiwa kutenda jambo. Maana nyingine ya maneno hayo hayo, ile ya kukisia kwamba jambo ni kweli, tutaigusa pale tu panapohitajika.

2. Anakotoka mwanafunzi: "devoir" na "il faut"

Kifaransa kina nguzo mbili za ulazima. Ya kwanza ni kitenzi "devoir", kilichotokana na Kilatini "debere". Kitenzi hicho cha Kilatini kiliundwa kwa kiambishi "de" na kitenzi "habere", yaani kuwa na kitu. Maana yake ya awali ilikuwa kuwa na kitu kilichotoka kwa mwingine, ambacho ni cha kurudishwa. Hadi leo "devoir" ina maana ya kudaiwa fedha na ya kupaswa kutenda, na kutoka mzizi huo huo Kifaransa kina "dette", yaani deni, neno ambalo Kiingereza kililikopa katika Zama za Kati.

Nguzo ya pili ni "il faut". Katika Kifaransa cha kale wasemaji walikuwa na neno jingine kwa kazi hii, "il estuet", ambalo sasa limetoweka katika Kifaransa lakini limeacha alama katika sheria ya Uingereza, ambako "estovers" ni haki ya mpangaji kuchukua kuni na mbao anazohitaji katika ardhi anayoishi. Mahali pa neno hilo palichukuliwa na "il faut", lenye asili moja na kitenzi "faillir", kutoka Kilatini "fallere". Maana yake ya kwanza ilikuwa "inapungua", "inakosekana". Aliyesema "il me faut du pain" alikuwa akisema kwamba mkate umempungukia. Kutoka kupungukiwa ikaja kuhitaji, na kutoka kuhitaji ikaja kulazimika. Maana ya kale imebaki katika semi chache, kama "peu s'en faut", yaani imepungua kidogo tu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu ili aelewe mwenendo wa "il faut". Sentensi "il faut que je parte" imejengwa kama "inanibidi niondoke" au "lazima niondoke". Ulazima hutajwa kwanza, kama jambo lililoko nje ya mtu. Kisha kitenzi cha pili hufuata katika umbo tegemezi, ambalo kwetu huonekana katika kiishio cha -e cha "niondoke". Anayelazimisha hatajwi. Huenda ni sheria, huenda ni saa, huenda ni njaa. Hiyo ndiyo sababu neno hili linapendwa katika mazungumzo: mtu huweza kumwambia mkubwa wake au mgeni wake jambo linalotakiwa kutendwa bila kujifanya kwamba yeye ndiye anayeliagiza.

Maneno yetu wenyewe yanashuhudia njia hizo hizo. "Lazima" limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushikamana na kitu kisikubanduke. "Budi" limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya njia ya kuepuka, ndiyo maana halisimami ila pamoja na ukanushi: hapana budi, sina budi. Nalo "sharti" ni neno la mapatano. Hakuna hata moja kati ya haya lililoanza likiwa na maana tupu ya ulazima. Yote yalianzia katika mambo yanayoshikika.

3. Anakokwenda: "shall", "ought" na "must"

Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na maneno ya namna hiyo. "Shall" ni mtoto wa kitenzi "sculan", ambacho maana yake ilikuwa kudaiwa; katika Kijerumani, ndugu wa Kiingereza, neno "Schuld" lina maana ya deni na ya hatia hadi leo. "Ought" lilikuwa umbo la wakati uliopita la kitenzi "agan", kumiliki. Kutoka kitenzi hicho kimoja Kiingereza cha sasa kimepata "own", kumiliki, na "owe", kudaiwa. Jambo hilo halitamshangaza Mswahili, ambaye husema "nina deni", akilitaja deni kama kitu alicho nacho.

"Must" ndilo lenye historia ya ajabu kuliko yote. Kitenzi chake cha asili, "motan", hakikuwa na maana ya kulazimika bali ya kuruhusiwa. Wakati wake uliopita ulikuwa "moste". Katika Zama za Kati maana iligeuka pole pole kutoka ruhusa kwenda ulazima, na umbo la wakati uliopita likaanza kutumika kwa wakati uliopo, hata likabaki peke yake. Si vigumu kuona daraja lililounganisha maana hizo mbili. Asiyeruhusiwa kutenda ndiye anayelazimika kutotenda. Katika ukanushi ruhusa na ulazima hukutana.

Mambo mawili yanayowasumbua wanafunzi yanapata maelezo hapa. La kwanza ni kwamba "must" halina wakati uliopita wa kawaida. Halina kwa sababu lenyewe ndilo wakati uliopita uliokwisha kutumika. Anayetaka kusema kwamba jana alilazimika hukopa kwa "have" na kusema "had to". La pili ni kwamba "must not" ni katazo, wala si kuondoa ulazima. Mwanafunzi huambiwa alihifadhi jambo hilo kwa moyo kama kituko cha Kiingereza. Lakini ukikumbuka kwamba neno lenyewe lilikuwa la ruhusa, kituko hakipo: "must not" ni "huruhusiwi", nalo limehifadhi katika ukanushi maana ambayo limeipoteza katika uyakinishi.

Iko hasara nyingine iliyotokea katika Kiingereza wakati huo. Lugha hiyo zamani ilikuwa na vitenzi vingi visivyo na mtenda, vya mfano wa "me thinketh" na "it behoveth me", ambavyo mpangilio wake ni ule ule wa "inanipasa". Katika karne ya 15 na ya 16 vingi kati ya hivyo viliachwa au vikapewa mtenda wa kawaida. Hivyo basi, wakati "il faut" ilipokuwa ikiimarika upande mmoja wa bahari ya Manche, upande wa pili nyumba ambayo ingeweza kulipokea ilikuwa ikibomolewa. Tangu siku hizo Mfaransa anayejifunza Kiingereza hana pa kuliweka neno lake la kila siku. Hulazimika kutafuta mtenda, na anapomtafuta, wa kwanza kujitokeza ni "I" au "you", na kitenzi cha kwanza ni "must".

4. Wakimbizi, wafanya biashara na kanuni ya "shall"

Mafunzo ya Kiingereza kwa wasemao Kifaransa hayakuanzia katika vyuo. Yalianzia katika msiba. Baada ya mauaji ya Waprotestanti yaliyoanza Paris siku ya Mtakatifu Bartolomayo, Agosti 1572, wengi wao waliokuwa wakiitwa Huguenot walikimbilia Uingereza. Mmoja wa walimu wao alikuwa Jacques Bellot, mzaliwa wa Caen. Mwaka 1580 alitoa kitabu cha kufundishia Kiingereza, na mwaka 1586 akatoa Familiar Dialogues, kilichochapwa London na Thomas Vautrollier, ambaye naye alikuwa mkimbizi. Kitabu hicho kimepangwa katika safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, na matamshi ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa tahajia ya Kifaransa. Humo hamna falsafa ya lugha. Mna kuamka asubuhi, kwenda shule, kununua samaki, nyama na nguo, na kukaa mezani na wageni.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Bellot aliandika kwa ajili ya watu ambao lugha kwao ilikuwa riziki. Mkimbizi asiyejua kumwambia muuza nyama anachohitaji hulala na njaa, na akisema kwa ukali katika mji ambao tayari una wivu juu ya mafundi wageni, hujiletea uadui. Katika hali hiyo namna ya kutaka, ya kuomba na ya kulazimisha si pambo la mazungumzo.

Mwaka 1622 mfanya biashara wa London, George Mason, alitoa sarufi iliyoandikwa kwa Kifaransa, Grammaire Angloise, kwa manufaa ya wageni waliotaka kujifunza Kiingereza. Ndani yake aliwaonya wasomaji kwamba "shall" na "will", zote mbili zikiwa ishara za wakati ujao, hazitumiki sawasawa kwa nafsi zote. Miaka 31 baadaye, mwaka 1653, John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, aliitoa kanuni hiyo kwa ukamilifu zaidi katika sarufi yake ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini. Katika nafsi ya kwanza, alisema, "shall" hutabiri tu na "will" huahidi au hutisha. Katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka.

Wengi wameiona kanuni hii kuwa upuuzi wa wanasarufi. Tukiitazama kwa jicho la historia, tunaona kwamba asili yake ilikuwa na busara. "Shall" lilikuwa bado na harufu ya deni. Mtu akijisemea mwenyewe kwamba anadaiwa tendo fulani, hamdhuru yeyote. Akimwambia mwingine "you shall", amemtwika deni, na hiyo ni amri. Mfaransa, ambaye wakati wake ujao hufanywa kwa kiishio kisicho na sauti ya amri, hakuweza kuihisi tofauti hiyo mpaka aambiwe. Kwa maneno mengine, swali la ulazima na adabu liliingia katika sarufi ya Kiingereza mapema, na mmoja wa wa kwanza kuliandika alikuwa mfanya biashara aliyekuwa akiwahudumia wageni wasomao Kifaransa. Mwaka 1685, mwaka ule ambao mfalme Louis XIV aliibatilisha Amri ya Nantes na kusababisha wimbi jipya la wakimbizi, Guy Miège, mzaliwa wa Lausanne, alitoa njia yake mpya ya kujifunza Kiingereza, na mahitaji ya vitabu vya namna hiyo yakazidi.

Kasoro ilikuja baadaye. Ushauri uliotolewa kwa mgeni ili asiudhi ulihamia katika vitabu vya shule vya Waingereza wenyewe. Baada ya Robert Lowth kutoa sarufi yake mwaka 1762, kanuni ilipanuliwa, ikanakiliwa na kufanywa kipimo cha usemi bora, ilhali wasemaji walikuwa wakiendelea na safari yao. Mwaka 1925 Charles Carpenter Fries, wa Marekani, alichunguza sarufi za karne hizo pamoja na lugha ya tamthilia, akaonyesha kwamba kanuni hiyo haikulingana na matumizi halisi. Hata hivyo vizazi kadhaa vya wanafunzi, Ulaya na Afrika, vilikuwa vimekwisha kuikariri. Hivyo ndivyo kitabu kinavyochelewa: huanza kama shahidi wa usemi na huishia kuwa mlinzi wa kaburi lake.

5. Kuinuka kwa "have to"

Wakati wanasarufi walipokuwa wakishughulika na "shall", neno jingine lilikuwa likikua katika mazungumzo bila kelele. Sentensi "I have a letter to write" kwanza ilihusu barua: ninayo barua, nayo ni ya kuandikwa. Mpangilio ulipogeuka ukawa "I have to write a letter", barua haikuwa tena kitu cha kumilikiwa. Kinachomilikiwa ni wajibu. Mwishowe ikawezekana kusema "I have to go", ambapo hamna kitu chochote cha kumiliki. Katika karne ya 19 likaenea "have got to", na katika usemi wa haraka "have" yenyewe ikamezwa, ikabaki "got to", ambayo leo huandikwa hata "gotta". Matamshi nayo yameukubali uhuru wa neno hili: "have" ya kumiliki hutamkwa kwa v, lakini katika "have to" ya ulazima v hugeuka kuwa f. Sikio la Mwingereza limekwisha kuyatenga kama maneno mawili.

Mfaransa anayo mali hii nyumbani kwake. Husema "j'ai une lettre à écrire", na huweza kusema "j'ai à écrire". Tena, kama tulivyoona, "devoir" yenyewe ina "habere" ndani yake. Kiingereza kimeifuata kwa miguu yake njia ambayo Kilatini kilikwisha kuipita zamani. Lakini kwa kuwa kitabu chake kimemfundisha kwamba "devoir" ni "must", mwanafunzi haitambui njia ya jamaa zake.

Kwamba "must" linarudi nyuma si dhana tupu. Wataalamu wa isimu walikusanya matini zilizochapishwa, kiasi cha maneno 1,000,000 kwa kila mkusanyo, za Uingereza na za Marekani, kwa miaka ya 1961 na kisha 1991 na 1992, wakazilinganisha kwa kompyuta. Uchunguzi wa Geoffrey Leech wa Lancaster na wenzake ulionyesha kwamba katika muda huo matumizi ya "must" yalipungua kwa karibu asilimia 29 katika Kiingereza cha Uingereza na karibu asilimia 34 katika cha Marekani. "Shall" lilipungua kwa karibu asilimia 44 pande zote mbili. Wakati huo huo "need to" iliongezeka katika matini za Uingereza zaidi ya mara tatu. Ikumbukwe kwamba hizo ni maandishi yaliyochapishwa, ambayo kwa kawaida huwa nyuma ya mazungumzo.

Sababu ni za kijamii. Frank Palmer katika kitabu chake cha 1979, na Jennifer Coates katika chake cha 1983, walieleza kwa njia mbalimbali kwamba katika "must" mamlaka aghalabu ni ya msemaji, na katika "have to" ulazima hutoka nje yake. Anayesema "you must sign here" amejiweka mahali pa mwenye amri. Anayesema "you have to sign here" ameisingizia kanuni ya ofisi. Anayesema "you're supposed to sign here" ameirudisha nyuma zaidi, ikawa ni desturi inayosemwa na watu. Na anayesema "you need to sign here" amelivika agizo vazi la hisani, kana kwamba sahihi inamfaa mwenye kuitia. Katika jamii ambamo watu hawapendi tena kuagizana waziwazi, neno la amri hukimbiwa.

Hapa msomaji atakuwa amekwisha kuona mduara. "Need to" inatoka katika kuhitaji na kupungukiwa hata kufikia ulazima. Ndiyo njia ile ile ya "il faut". Baada ya kuvipoteza vitenzi vyake visivyo na mtenda, Kiingereza kinatafuta kwa mlango mwingine kile ambacho Kifaransa hakikukiacha: namna ya kutaja ulazima bila kumtaja mwenye kulazimisha.

Tuongeze tahadhari moja. "Must" halijafa. Limebaki na nguvu katika sheria na matangazo. Limebaki katika makisio, kama "he must be ill", ambapo Mfaransa husema "il doit être malade" na hakosei. Na limebaki katika ukarimu. Mwenyeji asemaye "you must come and see us" hatoi amri. Amemshikilia mgeni wake kwa jambo lenye faida kwa mgeni, na ushikiliaji huo ni adabu. Mwanafunzi aliyekatazwa kabisa kutumia "must" atakuwa amenyimwa neno la ukarimu pamoja na neno la amri.

6. Ukanushi, mahali pa hatari

Katika uyakinishi kosa la ulazima huudhi. Katika ukanushi huweza kudhuru. "Il ne faut pas que tu y ailles" ni katazo: usiende. Tukilitazama umbo lake, ukanushi umewekwa juu ya "faut", lakini maana yake imeangukia kitenzi cha pili. Anayeitafsiri neno kwa neno hufika penye "you don't have to go there", ambayo maana yake ni "si lazima uende". Tena Kifaransa kina "vous n'avez pas à", ambayo mara husema kwamba si lazima na mara humkaripia mtu kwamba jambo halimhusu. Mwanafunzi huikuta "have" pande zote mbili akaamini kwamba amevuka salama.

Mfikirie muuguzi anayemwambia mgonjwa "you don't have to drink before the operation", au msimamizi wa mtambo anayemwambia kibarua "you don't have to touch this wire". Kila mmoja ametoa ruhusa mahali pa katazo, na hakuna kosa la sarufi litakalomwamsha msikilizaji.

Kiswahili kinazitenga maana hizi waziwazi kwa mahali pa ukanushi: "si lazima uende" upande mmoja, na "lazima usiende", au kwa ufupi "usiende", upande wa pili. Kiingereza kinazitenga kwa kubadili neno lenyewe. Kifaransa, katika neno lake la kila siku, huziacha zitengwe na desturi. Kwa hiyo mwanafunzi ajuaye Kiswahili na Kifaransa pamoja ana msaada ambao mwenzake wa Lyon hana.

7. Karibu na kwetu

Wanafunzi wa namna hiyo si wachache, na hawako mbali. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999 uliitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Rwanda na Burundi, nchi ambazo shule zake zilikuwa zimejengwa juu ya Kifaransa, ziliingia mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza mahali pa Kifaransa, na mwaka 2009 ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Walimu waliosomea kwa "il faut" walitakiwa kuamuru, kukataza na kuelekeza darasani kwa "must" na "have to".

Katika mahali kama hapo, mafunzo yanayoanza kwa orodha ya vitenzi visaidizi yanamwacha mwanafunzi palepale Wallis alipomwacha. Ingefaa aanze kwa swali la Kiswahili: nani anayelazimisha? Kama ni mimi, na nina mamlaka, "must" lina mahali. Kama ni kanuni au saa, "have to". Kama ni desturi, "supposed to". Kama naagiza kwa upole, "need to". Kisha aulizwe swali la pili: ukanushi uko juu ya ulazima au juu ya tendo? Maswali hayo mawili yanatosha kumwonyesha mwanafunzi anachokichagua kila anapofungua kinywa.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba "devoir" na "shall" zilikuwa deni, "ought" na "have to" zilikuwa milki, "il faut" na "need to" zilikuwa upungufu, na "must" ilikuwa ruhusa. Kila neno lilipokuwa amri tupu, wasemaji walilikwepa wakatafuta lisilouma. Hapana sababu ya kudhani kwamba safari imekwisha. "Need to" nalo litachakaa, na siku hiyo atakuwapo mwanafunzi mwenye kitabu kizuri kinachomfundisha "need to", na msikilizaji atakayekunja uso.

Kwa hiyo mwalimu wa lugha hawezi kuiachia historia iwe kazi ya wanahistoria pekee. Bellot na Mason, mwalimu mkimbizi na mfanya biashara, waliandika kwa kutazama yaliyokuwa yakisemwa sokoni na mezani katika siku zao. Waliowafuata waliacha kusikiliza, wakanakili. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo tofauti kati ya sarufi inayomfaa mgeni na ile inayomwacha nje ya mlango.